Saluni Isiyo na Kioo

Saluni ya Mama Vidole haikuwa na kioo ukutani, na kila mteja aliyeuliza alipewa sababu yake. Muuza mitumba aliambiwa kimepasuka. Nesi aliambiwa kiko kwa fundi. Mwalimu wa chekechea, ambaye huamini kila kitu, aliambiwa kwamba mteja akijitazama wakati anasukwa, msusi anaingiwa na kiwewe. Uongo mtupu, wote watatu. Kioo kilikuwa kizima kabisa, kimegeuzwa uso chumbani nyuma ya kabati, na kilitolewa saluni kwa jambo moja tu: mteja asione ni nani anayemsuka.

Maana Mama Vidole hakuwa anasuka tena. Viungo vya vidole vilianza kumvimba polepole, vikakakamaa, na sasa hata kifuniko cha kopo la mafuta kilimshinda asubuhi. Aliyesuka alikuwa bintiye, msichana mwembamba aliyetoka kumaliza shule ya msingi. Wateja walidhani kazi yake ni kumpa mama nywele za kusukia tu, na walimwita Kimya, kwa kuwa hawakuwahi kumsikia akisema lolote zaidi ya shikamoo. Wangemsikiaje? Kazi yenyewe ilitaka hivyo. Mteja alikaa kwenye kigoda akitazama ukuta, Kimya akakaa nyuma yake kwenye kiti, na mama akasimama ubavuni, ameinamia kile kichwa, chanuo mkononi, akipiga soga. Alizungumza bila kituo, ili sauti yake itoke pale pale inapotoka mikono ya mtoto.

"Wallahi Mama Vidole, vidole vyako vina injini," alisema muuza mitumba siku hiyo, mwanamke mwenye mwili na kicheko chake. "Mtu hata maumivu hasikii. Kule kwingine wanakuvuta mpaka macho yanakuwa kama ya paka."

"Mazoea tu, dada yangu."

"Na huyu binti shule lini?"

"Jumatatu."

"Ya bweni?"

"Ya bweni."

"Hee! Sasa utabaki na nani wa kukupa nywele?"

Mama Vidole akacheka. "Kwani mimi sina mikono? Nitajipa mwenyewe."

Nyuma ya kile kichwa mikono ya Kimya ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. Mama aliona. Akaanza haraka haraka kisa cha jirani aliyeanika shuka la mtu mwingine, na muuza mitumba akacheka mpaka kigoda kikalia.

Mteja alipokwisha kuondoka, kichwa kimependeza, Kimya alinyoosha mgongo na kutikisa vidole vyake vyembamba, kile cha shahada kikiwa na alama ya kuungua na pasi. Mama alifagia nywele sakafuni kwa ufagio alioushika kwa viganja, si kwa vidole. Walikuwa na habari moja tu ya kuongea, na hakuna aliyeitaka. Binti akienda, saluni inakufa. Akibaki, nafasi ya shule inakwenda kwa mtu mwingine. Mama Vidole alikuwa ameitafuta njia ya tatu kila alipolala na kila alipoamka, na hakuiona.

Uani, mumewe alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la bati, ulimi umemtoka pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika. Mtaa mzima ulimwita Mzee Brashi. Zamani hakuna duka wala kinyozi aliyefungua mlango bila kibao cha Mzee Brashi. Sasa kuna mashine zinazochapa mabango ya plastiki, mteja anaagiza asubuhi anachukua mchana, na Mzee Brashi anakaa uani akisafisha brashi ambazo hazikuchafuka. Tangu mtoto apate nafasi ya sekondari, alikuwa amepata kazi. Aliandika jina la binti kwenye sanduku, akaandika kwenye ndoo, akaandika kwenye beseni. Alipoanza kuitazama miswaki, mkewe akamwambia atulie.

"Njoo uone hii herufi ya mwisho," alisema. "Nimeipa kimkia."

"Nzuri."

"Hujaitazama."

"Nimeitazama, baba. Nzuri."

Akaweka brashi chini. "Na hicho kichwa chake mtakinyoa lini? Jumatatu ndiyo hiyo."

Hapo ndipo penye mwiba. Kichwa cha Kimya ndicho kilichokuwa tangazo la saluni. Msichana alijisuka mwenyewe kwa kupapasa, mistari myembamba iliyozunguka na kukutana utosini, na wanawake walimsimamisha njiani kumuuliza amesukwa wapi. Alijibu kwa adabu: kwa mama. Lakini kule kwenye mkutano wa wazazi, matroni wa shule alikuwa amesema neno moja wazi wazi: nywele fupi, kila binti.

"Hanyolewi," alisema Mama Vidole. "Nimeuliza. Mwaka huu mistari ya kwenda nyuma wanaruhusu."

"Umemuuliza nani? Mimi nilikuwepo. Nilisikia nywele fupi."

"Ulisikia nini wewe? Mkutano mzima wewe ulikuwa unakodolea macho kile kibao cha shule, unanong'ona kwamba herufi zimelala."

Mzee Brashi akafikiri. "Kweli zilikuwa zimelala," alisema. "Nani aliwaandikia kile kitu, sijui." Akarudi kwenye sanduku lake.

Mama Vidole aliingia ndani, akakaa kitandani. Hakuwa amemuuliza mtu. Uongo ulimtoka mdomoni wenyewe, laini, sawa na zile sababu za kioo. Na ukishatoka, akaanza kuona faida yake. Wakimrudisha getini kwa sababu ya nywele, atakuwa amerudishwa na shule. Si na mama yake. Atarudi, atakaa kidogo, huenda nafasi ikapotea, huenda akaenda mwakani, na katikati hapo watu watakula. Alilifikiria jambo hilo mpaka mwisho, kisha akajichukia. Lakini hakutoka nje kwenda kuukanusha uongo wake.

Jumapili jioni Kimya alijisuka kwenye mlango wa nyuma. Mama alikaa karibu yake akimpa nywele, uzi kwa uzi, kazi pekee iliyobaki kwenye vile vidole.

"Mama."

"Ee."

"Nikibaki je? Mwaka mmoja tu. Tukapata kitu, halafu nikaenda."

Hayo ndiyo maneno aliyokuwa akiyangoja, akaombea yasemwe. Na yaliposemwa yakamchoma. Alimtazama binti yake, magoti yaliyokwaruzika, shingo nyembamba, na yale macho yaliyokaa chini yakiogopa jibu. Aliona wazi kwamba akisema ndiyo, mtoto atatii, atakaa kwenye kile kiti nyuma ya vichwa vya watu mpaka naye vidole vimkakamae.

"Usiniletee upuuzi," alisema kwa ukali. "Nani kakwambia hatupati kitu? Suka, tukalale."

"Na kweli wameruhusu?"

"Nimeshasema nimeuliza."

Kimya akainamisha kichwa na kuendelea.

Asubuhi ya Jumatatu Mzee Brashi alisema hatakwenda shuleni, ana kazi. Mkewe alishangaa, kazi gani, lakini hakuuliza. Alishazoea kutomuuliza mwanamume asiye na kazi habari za kazi. Mzee Brashi alimkumbatia binti mlangoni, akamwambia akaangalie kile kibao cha shule vizuri, na akipata nafasi awaambie kuna mtu anaweza kukinyoosha. Kimya akacheka. Mama yake hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia akicheka kwa sauti.

Getini palijaa. Masanduku yamepangwa kando ya ukuta, magodoro yamekunjwa na kufungwa kamba, wazazi wanafuta jasho na kujifanya hawana hofu. Matroni alisimama chini ya kivuli cha paa la chumba cha mlinzi, mwanamke mrefu, miwani imening'inia kifuani, na kila binti alipita mbele yake. Alitazama kucha, akatazama urefu wa sketi, akatazama kichwa. Vichwa vyote vilikuwa vimenyolewa na kung'aa kwa mafuta. Kimya alivihesabu kwa mbali, akageuka kumtazama mama yake. Mama akajifanya anafunga vizuri kamba ya godoro.

Nje ya foleni, kwenye jiwe, alikaa mwanamke mmoja na binti yake. Hawakuwa wameitwa. Walikuja kungoja, kama kuna mtoto ambaye hatatokea au atakayekataliwa. Binti alikuwa amenyolewa safi, soksi zimevutwa mpaka magotini, sanduku alilokalia halina jina. Yule mwanamke alipomwona Kimya na mistari yake, alikaa wima. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mama tu.

"Hii ni nini?" aliuliza matroni.

"Shikamoo," alisema Kimya.

"Marahaba. Nimeuliza hii ni nini kichwani."

Mama Vidole akasogea mbele. "Mwalimu, tulidhani mistari ya kwenda nyuma..."

"Mlidhani? Si tulikutana hapa hapa na wazazi? Nilisema kwa mdomo wangu." Matroni hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mama, mrudishe. Akanyoe, aje tena. Ila sikuahidi kitu. Unawaona wale pale? Nafasi haikai bure."

Mwanamke wa kwenye jiwe alitazama pembeni.

Basi, imekuwa. Ndicho Mama Vidole alichokipanga, na kimetimia bila hata yeye kuinua kidole. Alichotakiwa kufanya ni kushika upande mmoja wa sanduku na kusema twende nyumbani mwanangu. Jioni muuza mitumba angekuta kigoda mahali pake.

"Mama," alisema Kimya. "Ulisema umeuliza."

Mama Vidole akafungua mdomo. Mwanamke aliyekuwa na hadithi ya kila mteja, aliyeweza kuzungumza kutoka sikio hadi sikio la mtu bila kupumua, akainamia tena kamba ya godoro.

"Hukuuliza," alisema Kimya. Macho yake yalijaa, lakini hakuyapangusa. "Ulijua watanirudisha."

"Nilijua," alisema mama.

Mzazi mmoja akakohoa. Matroni aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni lake akatoa mkasi.

"Mkasi ni huu," alisema. "Lakini sisi hatukati nywele za mtoto wa mtu, tulishashtakiwa kwa jambo hilo. Mzazi anakata mwenyewe, hapa, mbele yangu. Ukitaka. Hutaki, nampisha mwingine."

Mama Vidole akaupokea mkasi.

Akasimama nyuma ya binti yake, akashika msuko wa kwanza, akaingiza vidole kwenye matundu ya mkasi. Kidole gumba kiliingia kwa shida. Vingine viligoma. Akasukuma, akauma meno, mkasi ukafunguka, na ulipotakiwa kufunga haukufunga. Ulitetemeka juu ya nywele kama mdomo wa mtu mwenye baridi. Akajaribu kwa mikono miwili. Ukamponyoka, ukaanguka kwenye kokoto.

"Si Mama Vidole huyo?" mtu alinong'ona kwenye foleni. "Msusi yule?"

"Ndiye."

"Mbona mikono yake..."

Aliusikia kila neno. Alitamani ardhi ipasuke aingie na sanduku na kila kitu. Miaka yote hiyo ya kuficha, kioo kimegeuzwa, uongo wa kila namna, na mwisho anakuja kuvuliwa nguo mbele ya geti la shule, mchana kweupe. Akainama kuokota mkasi, na hata kuuokota kulimchukua muda.

Kimya hakugeuka. Alirudisha mikono yake nyuma ya kichwa, akapapasa mpaka akaipata mikono ya mama yake, akaiweka vizuri kwenye mkasi, kisha akaifunika kwa yake. "Ongea, mama," alisema kwa sauti ya chini.

Na mama akaongea. Sauti ilianza kwa kukwama, kisha ikapata njia yake. Alisema, jamani foleni hii, yule baba pale amebeba godoro kichwani utadhani ndiye anayekwenda kulilalia. Alisema, na huyu mlinzi, tangu tumefika anatafuta funguo na zimening'inia kiunoni mwake. Machozi yalimtoka mpaka kidevuni na hakuwa na mkono wa kuyafutia. Kimya alibana, mkasi ukalia, msuko ukaanguka. Wakasogea kwenye mwingine. Msichana hakuona kitu, alikuwa anajua kichwa chake kwa vidole, na viganja vya mama yake ndani ya viganja vyake vilikwenda alikovipeleka. Matroni aliitazama mikono ile minne. Aliona vizuri sana nani anakata. Akavaa miwani yake na kuanza kukagua kucha za mtoto mwingine.

Walipomaliza kichwa kilikuwa vipande vipande, huku kirefu, huku kifupi, aibu tupu kwa mtu yeyote wa fani ile. Matroni akasema panapobaki mabinti wakubwa watapasawazisha bwenini. Akaandika alama yake, akasogea kupisha. Yule mwanamke wa kwenye jiwe aliinamisha macho, akamvuta binti yake kwapani.

Mama Vidole aliokota misuko yote mmoja mmoja, akaifunga kwenye kitambaa. Hakujua la kufanya na mikono yake. Alitaka kumkumbatia mtoto na aliogopa kukataliwa.

"Mwanangu."

Kimya alikuwa ameshika mpini wa sanduku. Bila nywele uso wake ulikuwa mdogo, na ulikuwa na hasira. Alikuwa na haki nayo, na mama alijua.

"Likizo nikija," alisema Kimya, "usiniwekee mteja. Hata mmoja."

"Sitaweka."

"Usiseme tu, mama."

"Sitaweka. Mungu ananiona."

Kimya akamtazama, akawa kama anayetaka kuamini na hana uhakika kama anaweza. Kisha akainama kidogo, akaishika mikono ile iliyovimba, akaiachia. Binti mwingine akamsaidia upande wa pili wa sanduku, wakaingia. Jina lake lenye kimkia liling'aa ubavuni mwa bati mpaka kona ya jengo.

Mama Vidole alipofika nyumbani alikuta watu mbele ya saluni. Muuza mitumba alikuwepo, na nesi, na vijana wawili watatu wenye kupenda kutazama. Mzee Brashi alikuwa juu ya ngazi, shati limejaa rangi, anacheka na kila mtu. Juu ya mlango kulikuwa na kibao kipya, kikubwa, cha rangi nyekundu na njano. SALUNI YA MAMA VIDOLE. Na chini ya maandishi alikuwa amechora mikono miwili inasuka nywele.

"Ndiyo kazi niliyokuwa nayo!" alimwambia mkewe kutoka juu. "Nimekaa nikafikiri, mtoto anakwenda, mama yake atabaki na upweke, nimpe kitu. Nimewaita wateja wako wote. Unaonaje?"

Mama Vidole aliitazama ile mikono. Ilikuwa imechorwa kwa mapenzi, kila kiungo mahali pake. Vidole vyembamba, virefu, kucha fupi, na kwenye kidole cha shahada alama ndogo ya kuungua na pasi.

"Hiyo mikono ya nani?" aliuliza.

Mzee Brashi akateremka ngazi hatua kwa hatua. Kicheko kilikuwa kimemwisha. Alisimama karibu yake, akashusha sauti ili watu wasisikie. "Mimi ni mchoraji, mke wangu. Kazi yangu ni kutazama."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu ulipotoa kioo."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuwa nakula," alisema Mzee Brashi. Aliisema kwa uchungu, akiangalia brashi yake. "Ningesema nini, na mimi nilikuwa nakula?"

Muuza mitumba alikuwa amechoka kungoja. "Mama Vidole, maneno ya mapenzi mtaongea baadaye. Mimi nimefumua kichwa chote nyumbani, nitazame nilivyo. Nikae?"

Mama Vidole akamgeukia, akanyoosha mikono yake mbele ya watu wote, migongo juu, ionekane. "Aliyekuwa anakusuka ni mtoto," alisema. "Ameenda shule. Mimi nikijikaza naweza kukusuka mistari michache, minene, na tutamaliza kesho. Ukitaka, kaa."

Muuza mitumba aliitazama ile mikono. Mdomo ulimbaki wazi. "Masikini ya Mungu," alisema, na alisema kweli, alimhurumia. Kisha akajishika nywele zake zilizosimama. "Lakini mimi nina shughuli Jumatano, unajua. Si kitu. Shule zikifunga si atakuwepo? Niandikie wa kwanza. Likizo nakuja."

"Na mimi wa pili," alisema nesi.

Mzee Brashi akamtazama mkewe kwa matumaini. "Likizo si mbali," alisema polepole. "Tutajibana mpaka hapo."

Mama Vidole alisikia tena ule mkasi wa getini ukilia ndani ya viganja vyake.

"Likizo mtoto atapumzika," alisema.

"Siku moja tu, kwa ajili yangu..." alianza muuza mitumba.

"Hata kichwa kimoja. Nendeni salama, dada zangu. Tafuteni msusi mwingine."

Walikwenda. Muuza mitumba aliaga mara mbili, akigeuka geuka. Vijana nao wakaona hakuna tena cha kutazama. Mbele ya saluni wakabaki wawili tu, na ngazi, na harufu ya rangi.

"Sasa tutakula nini?" aliuliza Mzee Brashi.

"Sijui." Akaingia ndani. Alisikika akivuta kabati, kisha akatoka na kioo amekikumbatia kifuani, akakiegemeza mlangoni. Akarudi na kitambaa na chupa ya mafuta ya taa. "Panda ngazi. Futa hiyo mikono."

"Mke wangu. Nimeichora tangu mlipoondoka."

"Naona. Imetoka sawasawa. Ifute kabla haijakauka."

Mzee Brashi akapanda. Alilowesha kitambaa, akaanza na kidole kidogo, pole pole, kama anayemwosha mtoto uso. Rangi ilitiririka ukutani. Kidole cha shahada chenye alama ya pasi alikiacha mwisho, akakitazama, akakifuta nacho. Kisha akageuka na kumwangalia mkewe chini.

"Na jina?"

Mama Vidole alifikiri. Alikuwa amesimama, kile kitambaa chenye misuko kiko kwapani.

"Mama liache," alisema. "Futa Vidole."